Kutoa Nyuzi kwa Besi Moja Uweke kwa Ingine: Soma Hii Kabla Ushike Plaizi

Beshte yangu alinitumia voisi kutoka Doha usiku wa manane. "Buda, hiyo besi uza. Doo ukipata tumia mathe moja kwa moja." Simpo hivo. Besi yenyewe ilikuwa imekaa kwa keja yangu tangu apande ndege akaenda kusaka kazi Gulf, na mimi ndio nilikuwa nimebaki naichapa. Mnunuzi nilipata haraka, kijana wa bendi ya kanisa hapa mtaani, na bei tukaskizana bila makelele. Kitu moja tu ndio ilikuwa inanikaa kwa roho. Nyuzi.

Hizo nyuzi jamaa amezichapa miaka. Harusi, kanisa, matanga, ile baa moja yenye ampu ilikuwa inalia kama mbuzi. Zimelainika, na zikona ile sauti nzito inayogonga kifua bila kupiga kelele. Kijana anayenunua yeye anataka sauti ya kung'aa, ya kuchapa slapu. Kwake hizo nyuzi ni takataka. Kwangu ni dhahabu. Nikamuuliza mwenyewe kama naeza baki nazo nizihamishie kwa besi yangu. Akacheka. "Chukua, lakini usiuzie mtoto wa watu besi uchi. Mnunulie seti mpya." Hiyo ndio ilikuwa dili.

Sasa kila nikipiga hii story, kuna msee lazima aulize: kwani nyuzi zilizotumika zinaeza hama? Zinaeza. Wasee wa bendi wanafanya hivo kila wakati, hasa mwezi ukiwa kwa kona, juu seti mpya inaeza meza malipo yote ya gigi ndogo. Lakini uzi uliotumika una tofauti moja kubwa na uzi mpya: umeshakatwa, umeshakunjwa, na urefu wake ulipimiwa besi ingine, si yako. Ukielewa hapo, mengine yote ni kazi ya mikono tu. Usipoelewa, utaharibu nyuzi nne na ukose gigi.

Mimi niliwai. Nikiwa bado coleji, kabla tuachane, nilikuwa na harusi Jumamosi na uzi wangu wa E ulikuwa umekatika. Nikapata besi mzee ya kuazima vipuri. Nikachukua plaizi nikakata nyuzi zote zikiwa zimekazwa, kwa sababu nilikuwa na haraka. Wa kwanza ulinipita karibu na jicho kama nyoka. Halafu nikagundua nimekatia pale pale karibu na tyuna, kwa hivyo hakuna uzi umebaki wa kuzungusha kwa besi yangu. Harusi nzima nilichapa nyuzi tatu. Bibi harusi hakujua. Mpiga drams alijua, na mpaka leo ananiita Tatu.

Pima kwanza, fungua baadaye

Chukua ile futi ya fundi wa nguo. Pima kutoka kwa nati mpaka freti ya 12, halafu zidisha mara mbili. Nati ninayosema si ya gari, ni kile kipande chembamba juu ya shingo chenye mifereji minne ya nyuzi. Hiyo namba unayopata ndio skeli ya besi yako, yaani urefu wa uzi unaotetemeka.

Besi nyingi utakazokutana nazo ni inchi 34, sawa na sentimita 86 na kidogo. Hiyo namba ilitoka kwa Leo Fender, alipotoa Precision Bass mwaka wa 1951, na dunia ikamfuata. Kuna besi fupi za inchi 30 hivi, kama ile Höfner ya umbo la violini ambayo Paul McCartney alifanya iwe maarufu. Kuna za katikati za inchi 32, na kuna ndefu za inchi 35 ambazo utapata sana kwa zile za nyuzi tano. Kama freti ya 12 iko sentimita 43 kutoka kwa nati, ukona ya 34. Kama iko 38, ukona fupi.

Kwa nini hii ni muhimu? Juu mkazo wa uzi unaenda na skeli mara skeli. Toa uzi kwa besi ya 34 uweke kwa ya 30, uutyuni noti ile ile, na utapoteza kama asilimia 22 ya mkazo. Kwa vidole utaskia umelegea kama kamba ya nguo, na E itaanza kugonga freti. Wengine wanapenda hivo, siwezi kukuhukumu. Lakini kutoa kwa fupi kupeleka kwa ndefu, sahau. Kwanza haitafika. Pili, hata ikifika, mkazo unapanda kwa asilimia 28 hivi, na uzi uliochoka haupendi hiyo story.

34 kwenda 34, uko sawa. Lakini usisherehekee bado, juu skeli ni nusu tu ya hesabu. Nusu ingine iko kwa ncha mbili, na hapo ndio watu huanguka.

Ncha ya briji. Kuna besi zenye uzi unaingilia nyuma ya briji, na kuna zile uzi unapitia nyuma ya mwili wa besi, unatoboa mbao, unatokea juu. Hizi za kupitia mwilini zinakula urefu zaidi, inchi moja hivi au kupita. Uzi ukitoka kwa briji ya kawaida ukaenda kwa ya kupitia mwilini, utakuwa mfupi upande wa tyuna. Ukitoka kwa ya mwilini ukaenda kwa ya kawaida, urefu unatosha, lakini kuna shida mbaya zaidi: ule mkunjo wa zamani, pale uzi ulikuwa unapinda juu ya briji, sasa unakaa mbele ya briji, ndani ya sehemu inayotetemeka. Uzi wenye kona katikati hautetemeki sawa. Utatyuni mpaka uchoke, noti za wazi ziko sawa, ukipanda juu ya shingo zote ni uongo.

Ncha ya tyuna. Angalia vichwa vya hizo besi mbili. Zile za mtindo wa Fender zikona tyuna nne kwa mstari upande mmoja: E ndio karibu na nati, G ndio mbali kabisa. Zingine zikona mbili huku, mbili kule. Hapo E na G ndizo ziko karibu, A na D ziko mbele kidogo. Sasa fikiria. Uzi wa G uliokatwa kwa besi ya mbili kwa mbili ni mfupi. Ukiupeleka kwa ya nne kwa mstari, unaeza kosa hata kufika kwa tyuna yake. Kinyume chake ni rahisi, juu unabaki na ziada.

Yangu ilikuwa hiyo ya rahisi. Ya beshte ni nne kwa mstari, yangu ni mbili kwa mbili. Briji yangu inakubali njia zote mbili, kwa juu na kwa mwili. Ya kwake ni ya juu tu. Nikaamua niziweke kwa juu pia, ndio mikunjo ya zamani irudi pale pale ilikuwa.

Kitu ya mwisho ya kupima ni unene. Nyuzi za kawaida za besi ya nne huwa karibu 45 kwa G na 100 au 105 kwa E, hesabu ikiwa ni sehemu za elfu za inchi. Kama besi yako ilikuwa na nyuzi nyembamba, mifereji ya nati ni myembamba pia. Uzi mnene utakaa juu ya mfereji badala ya ndani. Usiulazimishe, fundi anaufungua na tupa ndogo kwa dakika chache. Mfereji ukiwa mpana kupita uzi, utaskia uzi ukilia peke yake kama nyuki.

Je, hizo nyuzi bado zinaishi?

Kabla ufungue chochote, zijaribu zikiwa bado kwa besi ya zamani. Chapa kila moja wazi, skiza inadumu muda gani. Halafu gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upate ile sauti nyembamba ya kengele. Linganisha na noti ya kukandamiza hapo hapo kwa 12. Zikipishana kidogo, briji inaeza rekebisha. Zikipishana vibaya, au tyuna ya simu inarukaruka haijui iseme nini, huo uzi umechakaa mahali pamoja kuliko pengine. Uache upumzike.

Pitisha kidole chini ya uzi, upande unaogusa freti. Utaskia vidonda vidogo. Kiasi ni kawaida. Ukiskia shimo, au waya wa nje umeanza kufunguka, au kuna kutu ya kukwaruza, usiuhamishe. Hiyo kutu itakula freti za besi mpya. Na kama besi yako haina freti, nyuzi zenye vidonda zitachonga mbao yako kama kisu.

Hapa lazima tubonge kuhusu aina, juu "nyuzi nzee" ina maana mbili tofauti. Kuna nyuzi za raundi, zenye waya wa nje ni wa mviringo, ukiteleza kidole unaskia kama zipu. Hizo ndizo za sauti ya kung'aa. Miaka ya 1960 Rotosound ya Uingereza walikaa chini na John Entwistle wa The Who wakatoa za kulia kama piano, na tangu hapo roki ikabadilika. Shida ni kwamba jasho, mafuta na ngozi ya vidole vinajaa kwa mifereji midogo kati ya waya. Uchafu unameza sauti za juu. Ndio maana wiki kadhaa baadaye zinaskika kama zimevaa soksi.

Halafu kuna nyuzi za flati, waya wa nje ni bapa, laini kama kioo. Hizi hazina mifereji ya kujaza uchafu, na zinazeeka kwa heshima. James Jamerson, yule msee wa Motown aliyechapa besi kwa hiti nyingi kuliko watu wanajua jina lake, alikuwa na Precision ya 1962 yenye nyuzi za flati za La Bella, na alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Alifariki 1983. Sauti yake hadi leo watu wanaitafuta kwa maduka, na sehemu kubwa yake ni nyuzi zilizochapwa hadi zikasahau kung'aa.

Kwa hivyo kama unahamisha raundi zilizokufa ukitarajia zifufuke kwa besi mpya, pole. Besi haifufui uzi. Kama unahamisha flati nzee, unahamisha kitu ambacho huezi nunua kikiwa tayari.

Kufungua bila kuharibu

Plaizi iweke kando. Legeza uzi kwa tyuna pole pole mpaka ulale kabisa, ndio uutoe kwa tundu la tyuna kwa mkono. Ile ncha iliyokatwa inadunga vibaya, kwa hivyo usiuvute ukiangalia simu. Kile kijipete cha shaba kule mwisho, usikipige wala kukivuta kwa nguvu. Sukuma uzi urudi nyuma kupitia briji, utatoka wenyewe.

Toa moja, weka moja. Watu wengi wanapuuza hii. Nyuzi nne zikiwa zimekazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ukizitoa zote mara moja, shingo inapumua na kurudi nyuma, halafu unashangaa kwa nini besi iliyokuwa fiti jana leo inalia kila freti. Haitavunjika, usiogope, lakini utaongeza kazi. Na kama besi yako ni ile ya umbo la violini, briji yake haijafungwa na skrubu yoyote. Inashikwa na nyuzi tu. Toa zote nne na briji iko kwa sakafu, na wewe hujui ilikuwa imekaa wapi. Weka alama na penseli au kipande cha karatasi ya kubandika kabla uanze.

Usizungushe uzi kwa duara dogo ukiuhifadhi. Duara kubwa, kama sahani ya chapati, kila uzi peke yake, na jina lake: E, A, D, G. Usiku ukiwa na haraka, A na D zinafanana kuliko unavyodhani.

Kuziosha

Hii ndio sehemu wasee hupenda kubishana. Raundi zilizokufa unaeza zichemsha. Sufuria, maji safi, dakika tano hadi kumi, halafu zikaushe kabisa, jua au kitambaa halafu jua tena. Unyevu ukibaki ndani, kutu inaanza kesho. Mng'ao utarudi, lakini ni wa kukopa. Siku chache na umeisha. Ni ya kuokoa jahazi la wikendi moja, si ya kuishi nayo.

Njia bora ni spiriti. Bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, nyuzi ndani, spiriti juu yake, zilale usiku mzima. Zikitoka unapangusa, zinakauka haraka, na hakuna kutu. Kama uzi una ule uzi mdogo wa kitambaa wa rangi kule mwisho, rangi inaeza toka kidogo, hiyo si shida. Shida ni moto. Usifanye hii jikoni wala karibu na jiko la gesi, na kama unavuta, vuta mbali na hilo bomba. Keja ni moja.

Flati hazichemshwi. Kitambaa chenye spiriti kidogo, pangusa mara moja kila upande, umemaliza. Zangu nilizipangusa na fulana mzee, ikatoka na laini nyeusi nne. Jasho la miaka yote hiyo, na la msee hayuko.

Kuziweka

Sasa uzi uko mkononi, besi yako iko mapajani. Anza na E, juu ndio mnene na ndio msumbufu.

Pitisha kwa briji, kile kijipete kikae vizuri kwa kiti chake. Vuta uzi mpaka kwa nati na uangalie kitu moja: ule unene kamili wa uzi lazima upite nati kabla haujaanza kupungua. Nyuzi nyingi za E zinapungua unene kule mwisho ndio ziingie kwa tyuna. Kama sehemu nyembamba, au ile ya kitambaa, inalala juu ya nati, uzi huo si wa besi hii.

Halafu tyuna. Ncha inaingia kwa tundu la katikati, inakunjwa, uzi unazunguka kwenda chini. Mizunguko miwili au mitatu ndio poa, na kila mmoja ukae chini ya mwingine, ndio uzi ushuke kwa pembe nzuri kutoka kwa nati. Uzi uliotumika ushakariri mizunguko yake. Ukiweza, acha ukunjike pale pale ulikuwa umekunjika. Kila kona mpya unayoweka karibu na ya zamani ni kama kukunja waya wa kuku mara mia. Kuna siku utakatika.

Na hapa ndipo kuna mtego ambao hakuna mtu aliniambia. Kwa kichwa cha nne kwa mstari, nyuzi zote zinazunguka upande mmoja. Kwa mbili kwa mbili, E na A zinazunguka vile vile, lakini D na G zinazunguka kinyume. Kwa hivyo koili ya zamani ya D na G inakataa. Ni kama nywele zilizozoea kuchanwa kulia. G yangu ilikuwa na ziada kubwa, kwa hivyo ile koili yote ya zamani nikaikata, nikatumia sehemu iliyonyooka. D ilikuwa na ziada kidogo tu. Hiyo nilikaa nayo dakika kumi, nikiinyoosha na vidole, si plaizi, sentimita kwa sentimita. Ililalamika, lakini ikaingia.

Ukikata ziada, kunja kwanza, kata baadaye. Ndani ya uzi kuna kiini cha chuma, na waya wa nje umezungushwa juu yake. Kuna viini vya pembe sita vinavyoshika waya vizuri, na kuna vya mviringo ambavyo havishiki. Ukikata kiini cha mviringo kabla ya kukunja, waya wa nje unateleza na kulegea, na uzi unakufa hapo hapo mkononi mwako ukiangalia. Kwa kuwa hujui wako ni upi, fanya kama ni wa mviringo. Pinda kona kali, halafu kata sentimita moja hivi baada ya kona.

Usiache uzi ujisokote. Ukiona unajizungusha ukikaza, legeza, uachilie ujinyooshe, anza tena. Uzi uliosokotwa utatetemeka kama mlevi.

Shingo, briji, halafu subira

Ukishatyuni zote, kandamiza uzi wa E kwa freti ya kwanza na kwa ile ambapo shingo inaingia mwilini. Angalia nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba au ya nane. Inafaa ipitishe unene wa kadi ya biashara, milimita 0.3 hivi. Ikiwa kubwa sana, shingo imevutwa mbele. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, imerudi nyuma. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayorekebisha hii, kwa ufunguo wake mdogo. Robo mzunguko, tyuni tena, angalia tena. Ukiskia inakataa, acha, peleka kwa fundi. Shingo iliyopasuka ni bei ya besi ingine. Flati nyingi zinavuta kuliko raundi, kwa hivyo usishangae kama yako imesogea. Yangu ilitaka robo moja tu.

Baada ya hapo briji. Rudi kwa ule mtihani wa freti ya 12. Noti ya kukandamiza ikiwa juu ya ile ya kengele, sogeza kile kipande cha briji kirudi nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kusogeza, ndio usiukwaruze.

Kama ulitoa seti ya nyuzi tano na besi yako ni ya nne, chukua E, A, D na G tu, ile B weka kando. Kuna wasee wanaweka B, E, A na D kwa besi ya nne ndio washuke chini kabisa. Inawezekana, lakini nati lazima ifunguliwe na tupa, na nati ikishafunguliwa hairudi.

Raundi mpya za kijana niliziweka siku hiyo hiyo, kwa besi ya beshte, moja moja vile nimekueleza. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akachapa slapu mbili, akatabasamu meno yote. Aliuliza zile za zamani ziko wapi, nikamwambia zimehama. Hakuelewa, na hakuwa na haja. Doo ilienda kwa mathe jioni hiyo, M-Pesa, na nilimtumia beshte picha ya ujumbe ndio asiseme nimekula.

Halafu nikakaa kitandani na besi yangu, simu kwa stuli, nikarekodi ile laini tulikuwa tunaanza nayo kila mazoezi. Sauti ilikuwa ile ile. Besi tofauti, mbao tofauti, lakini ule uzito wa chini ulikuwa wake. Nikamtumia bila maneno.

Alijibu baada ya zamu, karibu alfajiri. "E imeshuka, buda. Kaza."

Ni kweli ilikuwa imeshuka. Nyuzi zikihama zinashuka siku ya kwanza na ya pili, mpaka zizoee. Nikaamka nikakaza.